Vioo vya Safu ya Juu

Jumatatu, 3 Februari

Udongo,

Umeondoka na ufunguo wa stoo. Naanza na hilo kwa sababu ukishaanza kusoma mengine utasahau, na mimi nimeshinda nje ya stoo nikiliangalia kufuli kama mwizi mwenye aibu. Mpe kondakta wa basi, mwambie ni wa Wakili wa kule kilimani. Wananijua sasa.

Mchumi wetu ametoroka rasmi. Amemwandikia mwalimu wetu wa chuo eti mradi hauendani na mwelekeo wa tasnifu yake. Mwelekeo gani, wakati wote tulimwona alivyoserereka kwa makalio kutoka kwa fundi viatu mpaka kwenye mfereji wa majitaka? Basi chuo kilitaka wanafunzi wa uzamili wa fani tatu wakae mtaa mmoja wausaidie, wamebaki wa fani mbili, mtu wa mawe na mtu wa sheria, na wewe mtu wa mawe umerudi maabara. Nimeachiwa mteremko wote peke yangu.

Nalala chumba cha mbele kwa Mama Cherehani. Anashona toka alfajiri, hadi nikifumba macho naona mishono. Mumewe analinda usiku, analala mchana, kwa hiyo mchana nyumba nzima tunanong'ona isipokuwa cherehani yenyewe, hiyo ameshaizoea. Kile chumba cha nyuma chenye ufa uliokufanya upige mluzi bado analala mama mkwe wake. Bibi ananiita binti wa serikali. Nimemweleza kwamba kusoma sheria si kuwa serikali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, binti wa serikali."

Nimezunguka safu ya juu yote kama ulivyoagiza. Vioo vyote vizima. Kila kipande ulichokibandika kukatiza ufa kipo palepale na tarehe uliyoikwaruza inasomeka. Kwa somo ulilonipa, ukuta ukisogea kioo kinakatika, kikiwa kizima ukuta umetulia. Basi umetulia.

Na ulifanya vizuri kunyamaza mbele ya watu. Najua uliuma ulimi. Lakini neno "kuporomoka" likishatoka tu, wakuu wa jiji hawahitaji kingine. Wanaipenda sana ile sheria yao ya eneo la hatari, ukiwekwa humo unaondolewa bila fidia, bila kiwanja, bila hata asante. Sisi tunadai kitu kimoja tu mahakamani: watu hawa wamekaa hapa miaka na miaka, kama ni kuhamishwa wapewe kwanza pa kwenda.

Usinipigie simu. Mtandao huku juu unakuja ukijisikia, halafu mimi ni mtu wa karatasi. Neno la simu linakanwa.

Mwenye kufuli bila ufunguo,
Wakili


9 Februari

Wakili mwenzangu,

Ufunguo huo ndani ya soksi. Soksi ni safi, usianze.

Sasa niambie vizuri. Vyote? Hata kile cha chumba cha bibi? Sikubishii, ila nimekaa na udongo wenu wiki nzima hapa maabara na hautaki kutulia. Ukiwa mkavu unajishika vizuri, kama biskuti. Ukiupa maji kidogo, kidogo tu, unalegea, unakuwa sabuni. Na huko juu kila nyumba inamwaga maji yake nyuma ya ukuta, kila siku, yanaingia humohumo. Nilishapiga hesabu kwamba kufikia sasa vioo kadhaa vya safu ya juu vitakuwa vimekatika hata kabla ya mvua. Nilishachora na grafu. Grafu nzuri kweli, ungeiona ungenitaka ushauri wa maisha.

Profesa kaiangalia akacheka. Anasema, "Kijana, ardhi haijasoma tasnifu yako." Anasema maabara ni udongo wa ndoo, kilima ni kilima, kama kipimo kinasema kimetulia kimetulia. Labda kuna mwamba chini ambao sikuuona. Labda walijenga vizuri kuliko nilivyodhani. Nimefurahi, yaani nadhani nimefurahi, kama mtu aliyeambiwa hana ugonjwa ambao alishauzoea.

Hebu pita tena, taratibu. Piga ukucha katikati ya kila kioo usikilize kama kinalia sawasawa. Na usiwaulize watu maswali mengi, najua tulivyokubaliana. Mimi mwenyewe niliwaambia tu wavitunze vile vioo kama mali yao. Hawakuuliza ni vya nini, nami nikashukuru kimoyomoyo.

Mwambie Mama Cherehani ile suruali aliyonipunguzia inanikaa mpaka watu wasionijua wananisalimia.

Udongo


18 Februari

Udongo,

Nimepita tena. Nimepiga ukucha mpaka fundi viatu akaniuliza kama nimeanza uganga. Vizima. Na si vizima tu, vinang'aa, nadhani wanavipangusa. Kile cha bibi ndicho kinachong'aa kuliko vyote, unaweza kuchania nywele.

Sasa sikiliza. Jiji wameleta mtu wao mahakamani, amevaa kofia ngumu ndani ya chumba cha hakimu, sijui aliogopa dari. Kasema mteremko una hatari kubwa. Nikamuuliza amepima lini. Kasema alipita na gari. Hakimu akaandika kitu, na nilimwona anatabasamu kwa upande.

Nahitaji ripoti yako. Ukurasa mmoja unatosha. Andika ulichokipima na matokeo yake, weka sahihi yako na ya profesa. Wao wana mtu aliyepita na gari, sisi tuna mtu aliyepima. Tukipata zuio hawagusi hata banda la kuku mpaka hukumu itoke, na mwanasheria anayetusimamia anasema kwa upande wa viwanja tuna nafasi kweli. Viwanja, Udongo. Vyenye hati. Mama Cherehani ameshaanza kuniuliza dirisha la kushonea ni bora lielekee wapi.

Nijibu upesi.

Wakili


22 Februari

Wakili,

Hiyo hapo. Profesa kasaini bila kuisoma mara ya pili.

Nimeandika "katika kipindi cha uchunguzi hakuna msogeo uliobainika." Ni kweli, hakuna. Nimeongeza sentensi kwamba mvua zinaweza kubadilisha hali, tafadhali usiifute. Nakujua.

Sijalala vizuri lakini hiyo ni mimi tu.

Udongo


4 Machi

Mtu wangu wa mawe,

Tumepata zuio. Sikupiga kelele mahakamani, nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari la mtu nikacheka peke yangu mpaka mwenye gari akaja.

Hakimu kaisoma ripoti yako kwa sauti. Sentensi ya mvua ilikuwepo, sikuifuta, aliisoma haraka tu. Hukumu yenyewe ni Ijumaa tarehe 28.

Huku kilimani sina tena jina, natajwa kwa vyeo. Fundi viatu kanirekebishia soli, kakataa katakata nisiseme habari ya malipo. Mwalimu wa chekechea kaniombea mbele ya watoto wote, na mmoja akauliza kama nimekufa. Bibi kasema nimepandishwa cheo, sasa mimi ni serikali yenyewe, hamna ubinti tena.

Nyumba haijambo. Mlango wa chumba cha bibi ulikuwa umeanza kugoma kufungika, umevimba kwa unyevu, mume wa Mama Cherehani kaamka mchana akaupiga randa huku amesinzia. Juzi kaupiga tena. Tunamtania kwamba mwisho utabaki upana wa fimbo.

Pumzika sasa. Ulikuwa na wasiwasi wa bure.

Wakili


8 Machi

Kwako mwanangu wa chuoni,

Natumaini barua hii itakukuta umekula, maana ulivyoondoka hapa shingo ilikuwa nyembamba. Sisi tupo. Mwandiko usiucheke, mkono wangu umezoea chaki ya nguo.

Nakushukuru kwa ile karatasi uliyotuandikia. Binti alitueleza jinsi ilivyosomwa. Baba wa nyumba hii si mtu wa maneno, lakini siku ile alikaa kitandani akasema huyo kijana akija tena asilale kwa fundi viatu, alale hapa.

Nina jambo dogo nilitaka kukwambia mapema nikaona haya. Ni vile vioo vyako. Ulituambia tuvitunze kama mali yetu. Wiki ileile uliyoondoka tulikikuta kile cha chumba cha mama mkwe kimekatika katikati. Niliwabana watoto wa jirani, wote wakakana. Nikasema, mgeni katuamini na kitu chake, hata wiki tumeshindwa. Nikaenda kwa yule wa fremu za picha akanikatia kingine cha kipimo kilekile, nikakibandika kwa ile plasta uliyoisahau kwenye ndoo. Tarehe nayo nikaikwaruza kwa msumari kama ulivyoandika wewe, mpaka ile saba yako yenye mkia. Halafu kwa fundi viatu kikakatika, na kwa mwalimu wa chekechea, wakaniletea vipande wameona aibu, nikawatengenezea. Chetu hiki nimeshakibadilisha mara ya tatu. Sijui vioo gani hivi vya siku hizi.

Binti sikumwambia, angekuandikia, ungesema watu wa mteremko hawana adabu na vitu vya watu. Lakini plasta imekwisha, ndiyo maana nasema. Ukipata nafasi nitumie kidogo kwa basi.

Mimi mama yako,
Mama Cherehani


12 Machi

Wakili,

Soma kwanza barua ya Mama Cherehani niliyoiweka humu. Usisome barabarani.

Umesoma? Basi unajua. Ile ripoti ni ya uongo. Mimi sikudanganya, wewe hukudanganya, mama wa watu hakudanganya, na ripoti ni ya uongo kutoka juu mpaka chini. Vioo vilikatika vyote vile nilivyosema vitakatika, kwenye nyumba zilezile, karibu siku zilezile, na grafu yangu ninayo hapa ukutani inanitazama. Kile cha bibi kimekatika mara tatu na mvua bado. Mara tatu, kiangazi, Wakili. Na mlango wa bibi haukuvimba, hakuna mbao inayovimba kiangazi. Fremu imepinda. Ukuta wa nyuma unashuka na kuvuta fremu, na mzee wa watu anaamka usingizini anachonga mlango ufuate.

Ningewaambia tu. Ningesema, mama, hiki kioo kazi yake ni kukatika, kikikatika piga kelele. Maneno ya pumzi moja. Tukanyamaza ili tusiwatishe, tukawaambia watunze, wakatunza.

Lazima niifute ripoti. Profesa yupo safarini, siwezi kumngoja. Mvua zimeshatangazwa.

Udongo


Jumamosi, 15 Machi

Udongo,

Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za posta. Nimerudi nyumbani nimemkuta anashona sare za shule. Kaniangalia kasema, "Umepauka, kuna chai." Nikanywa chai. Sijamwambia. Nilikaa pale nikamtazama anavyokata uzi kwa meno.

Sasa nisikilize mimi kabla hujashika kalamu. Ukifuta ripoti leo, zuio linakufa leo. Likifa, kesho wapo hapa na mabuldoza, kwa sababu itakuwa ni wewe umesema eneo ni la hatari, si yule wa kofia ngumu. Wakishabomoa, hakuna nyumba, bila nyumba hakuna kesi, tutakuwa tunadai vumbi. Hukumu ni tarehe 28. Siku chache. Hakimu ikimpendeza akasema watu hawa wana haki ya viwanja, hiyo haifutiki, tarehe 29 nakupa kalamu mimi mwenyewe, futa, piga kelele, panda juu ya paa la chuo. Watashuka wote wakiwa na pa kushukia.

Na sijakaa bure. Bibi nimemhamishia chumba cha mbele, mimi nalala chini ya meza ya kukatia nguo. Safu ya juu yote nimewaambia jiji linapuliza dawa ya mchwa kwenye kuta za nyuma, wasilale vyumba vya nyuma mwezi huu. Wameniamini. Wananiamini kila kitu, ndilo tatizo lenyewe. Mvua ikinyesha kubwa nawashusha wote chekechea kwa mkono wangu.

Naomba, Udongo. Sijawahi kukuomba kitu zaidi ya ufunguo.

Wakili


18 Machi

Wakili,

Sawa. Nitangoja tarehe 28.

Msogeze bibi mbali na ukuta wa kati pia.

Udongo


Jumamosi, 29 Machi

Udongo,

Walikuja Jumatatu asubuhi. Afisa alikuwa mpole, ana sauti kama ya mtangazaji. Nikamwonyesha zuio. Akanionyesha karatasi ya kuondoa zuio kwa dharura. Nikamwomba niisome, akasema tafadhali, akanishikia mwavuli nikiisoma. Nyuma yake ilibanwa barua yako. Tarehe 17. Ile yako ya kuniambia utangoja ni ya tarehe 18. Niliisoma tarehe hiyo mara nyingi, yule afisa akadhani sioni vizuri.

Wewe uliandika safu ya juu. Nimeona, uliandika vizuri, nyumba kwa nyumba. Amri yao inasema mteremko wote mpaka barabarani. Chekechea nayo wangeibomoa, ila ni ya jengo la mawe.

Mume wa Mama Cherehani ndiyo kwanza alikuwa ametoka lindoni, hata viatu hajavua. Akamtoa mama yake na godoro lake, yeye mbele, fundi viatu nyuma, na sare yake ya ulinzi, hadi askari mmoja akampigia saluti kwa kukosea. Bibi akaniita. Akaniambia, "Binti wa serikali, waambie wenzako wangoje nivae." Niliwaambia. Hawakungoja.

Mama Cherehani hakubishana. Aliwauliza tu kama anaweza kutoa kwanza vitambaa vya wateja vilivyokatwa, maana ni mali za watu, halafu cherehani baadaye. Wakampa muda wa vitambaa. Cherehani tuliitoa ikiwa imepinda mguu.

Jana hakimu alikaa dakika chache. Alisema hakuna tena nyumba zinazogombewa, kwa hiyo hakuna shauri. Akafunga faili. Hakuniangalia, na nadhani alikuwa ananionea huruma.

Familia zilizokosa pa kwenda zipo madarasani chekechea. Mvua imeanza kweli, hilo ulikuwa sahihi.

Wakili


3 Aprili

Wakili,

Niliandika safu ya juu. Nilichora na ramani, nyumba zenye ufa nikazipaka nyekundu, nyingine nikaziacha nyeupe kabisa, hata mtoto angeielewa.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa na usiponijibu sawa. Jumatatu ile ya tarehe 17 ilinyesha huku, mvua ya kawaida, watu wanakimbia na mifuko kichwani wanacheka, na mimi nimesimama dirishani namwona bibi chini ya ukuta. Sikuona kitu kingine. Nikaandika, nikapeleka mwenyewe ofisi ya jiji kabla mikono haijapoa. Kesho yake barua yako ikafika, ya kuomba. Nikaona nimeshachelewa, na nikaona pia kwamba kama ingefika mapema ningekusikiliza, na hilo ndilo lililonitisha. Kwa hiyo nikakuandikia nitangoja. Sikutaka ukae siku zile zote unanichukia huku unangoja mabuldoza. Ningeweza kukuonya. Ungewaonya. Ungekwenda kwa hakimu kabla yao. Haya yote yamenijia baada ya kutia barua kwenye sanduku, mimi akili yangu inakuja na basi la jioni.

Kilima kitashuka mwezi huu. Udongo ule hauwezi kushinda mvua hizi. Kitashuka hakuna mtu juu yake, na hapo utaona.

Nimejikuta naomba mvua iongezeke. Nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Udongo


11 Mei

Wakili,

Hii ni ya tatu toka ile, na sidhani posta ndiyo inayonichukia. Sawa. Nijibu hili tu, kwa mstari mmoja. Bibi yuko wapi?

Udongo


30 Juni

Udongo,

Mvua zimekwisha. Kilima kipo.

Nilipita jana kuhakikisha, kwa sababu najua ungeniuliza. Hakuna kilichoshuka, hata kokoto. Kuna nyasi. Nilimkuta mhandisi wa jiji, si yule wa kofia, mwingine, mtu mzuri tu, akanieleza kwamba majitaka ya nyumba ndiyo yalikuwa yanalainisha udongo, nyumba zikishaondoka kilima kinakauka. Sijui kama ni kweli. Wewe utajua. Maana yake ni kwamba haitajulikana kamwe kama kingemuua mtu, na mimi na wewe tutakaa na swali hilo mpaka tuzeeke, kila mtu kwake.

Kuna bango. Watajenga ghorofa za kuuza, na ukuta mkubwa wa kuzuia udongo. Kibali chao kipo wazi ofisini kwa yeyote anayetaka kusoma, nikakisoma, mimi mtu wa karatasi. Kiambatanisho cha kwanza ni ripoti yako ya Februari. "Hakuna msogeo uliobainika." Sentensi ya mvua ipo, wala hawakuifuta. Kwa hiyo barua yako moja imewatoa watu na nyingine imeingiza ghorofa, na zote zina sahihi nzuri.

Mwalimu anataka mimi na wewe tuandike sura moja kwenye kitabu cha chuo, juu ya ushirikiano wa fani. Anasema mradi wetu ulikuwa na matokeo yanayoonekana. Nimemwambia nimeacha shule. Hakuamini, kwa hiyo leo nimemrudishia kadi ya maktaba.

Habari ya bibi si yangu kuitoa. Nimeandika anwani ya Mama Cherehani nyuma ya karatasi hii. Vioo sikumweleza. Nilijaribu mara mbili na mara zote mbili nikaishia kumsaidia kukunja nguo. Kama utamweleza, mweleze wewe, vilikuwa vyako.

Mimi usiniandikie tena. Sikukasirikii kama unavyodhani. Nikiona mwandiko wako narudi pale chini ya mwavuli wa yule afisa, na sitaki kusimama pale tena.

Wakili


14 Agosti

Kwako mwanangu,

Barua yako imepita mikono mingi kabla ya kunifikia, imefika na doa la mafuta, si mimi.

Umenieleza kwamba vile vioo vilikuwa ni vya kukatika. Niliisoma nikaiweka chini, nikamaliza kushona kola, nikaisoma tena. Ungeniambia siku ile, mwanangu. Mimi si mtu wa kupiga mayowe. Ningemtoa mama mkwe chumba kile jioni hiyohiyo, ningewaambia wenzangu, tungekaa kitako tukajua la kufanya au tukakosa, lakini tungekuwa sisi. Nilikuwa nafurahi, unajua, nikibandika kile kioo. Nilikuwa najiona mtu mwenye heshima.

Mama mkwe alitutoka mwezi wa tano, kulekule darasani. Hakuugua kitu kipya. Alikuwa anauliza kila asubuhi tunarudi lini, tukawa tunamjibu kesho, siku moja hakuuliza. Sisemi ni wewe. Huenda pale ukutani angekwenda mapema zaidi, umesema mwenyewe, na wewe ndiye uliyesoma. Baba watoto anasema nikuandikie kwamba hakulaumu. Mimi yangu bado. Sikulaumu wala sijakusamehe, sijafika huko, nikifika nitajua.

Yeye lindo lake lilikuwa mbali mno na huku, akaliacha, au liliachana naye, anaeleza kila siku tofauti. Tumepanga chumba. Mwenye nyumba hataki mlio wa cherehani, na ule mguu haukunyooka hata hivyo, basi nashona kwa mkono, vifungo, zipu, pindo, kazi ndogondogo za kukaa dirishani. Wateja wa zamani hawajui nilipo, nami sijui walipo. Fundi viatu nilisikia yuko kwa dada yake, mwalimu wa chekechea sijui. Unajua mimi nina vipimo vya mteremko mzima kichwani? Nikikaa vinakuja vyenyewe. Kiuno cha fundi viatu, bega la kushoto la mwalimu lililoshuka, yule mtoto wa nyumba ya mwisho ambaye kila muhula naongeza mkono wa shati. Sasa amekua kiasi gani sijui. Ninavyo vyote, na hamna hata mmoja wa kumkatia nguo.

Umeuliza kama unaweza kuja kututembelea. Usije. Si kwa ubaya, chumba ni kimoja na baba watoto analala mchana bado, mwili umezoea.

Na usijibu kwa anwani hii. Mwenye nyumba anakihitaji chumba, mwisho wa mwezi tunatoka, wapi sijajua.

Mama Cherehani